Mwandishi na Maji Matamu ya Mugunga

Mwandishi hakuogopa malalamiko. Aliogopa sifa. Mahali watu walipolalamika alipita haraka, akisema kazi yake hapo imeshafanywa na wenyewe. Lakini akisikia watu wakisifu kitu, iwe barabara, daktari au mchele wa msaada, alisimama, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, na uso wake ukawa wa mtu aliyesikia harufu ya moshi ndani ya nyumba.

"Mwalimu," aliniambia siku za mwanzo, "mtu aliyefukuzwa kwao akilalamika, hiyo ni haki yake. Akianza kusifu, mimi naingiwa na wasiwasi."

Tulimwita hivyo tu, Mwandishi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenyeji wa Tanga, aliyetumwa na gazeti la mbali aje Goma kuandika habari za kipindupindu, ambacho sisi twakiita kolera. Alipanga chumba cha mbele katika kiwanja chetu cha Birere, kile kinachotazamana na banda ninamofundishia watoto Kurani. Nasaba yake sikuiuliza, naye hakuisema. Alikaa nasi muda wa kutosha kwa mke wangu kujua kwamba hali sambaza, dagaa wa ziwa letu, wenye vichwa, na kwa mimi kujua kwamba ukimkuta ukutani amekaa na chai iliyopoa, usimsalimie mpaka akusalimie yeye.

Siku ya kwanza aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikaitika marahaba kama nilivyosoma vitabuni, na mke wangu akacheka hata akaweka mwiko chini. Kwetu mtu husema "jambo", akauliza habari ya watoto na ya kazi, basi. Naye Mwandishi hakumpa mtu mkono. Aliweka kiganja kifuani na kuinama kidogo. Mke wangu aliona ni maringo. Baadaye tulielewa kwamba alikuwa amepita katika nchi nyingi zenye maradhi ya kuambukiza, na mkono wake ulikuwa umesahau kazi hiyo.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa safari, ule hupona kwa usingizi. Alikuwa ameandika habari za dawa zilizoibwa katika nchi hii na ile, na kila mara alijua mwisho wake kabla hajaanza. "Nikiandika," alisema, "waziri anaitwa, anaulizwa, anahamishwa wizara. Huko anakuta ghala jipya." Na kuhusu yeye mwenyewe alikuwa na msemo wake: "Mimi huja baada ya daktari na kabla ya mchimba kaburi."

Mke wangu, ambaye hapendi maneno ya namna hiyo mezani, alimwuliza, "Sasa juu ya nini unaendelea, mama?"

"Sijui kushona," akajibu, akaendelea kula.

Walakini mwanamke huyo aliyesema hakuna linalobadilika hakuweza kuona karatasi bila kuisoma. Mandazi yakifika yamefungwa katika gazeti la zamani, alilikunjua gazeti kwanza, akalisoma hata penye mafuta, akamsahihisha mwandishi asiyemjua kwa habari iliyokwisha kuoza. "Hakumwuliza dereva," alinung'unika. "Ajali ya gari, hakumwuliza dereva." Kisha ndipo akala.

Swala hakuswali. Sikumwuliza juu ya hilo pia. Mtu hujibu kwa Mola wake, na mimi nilikuwa mwenye nyumba tu. Lakini asubuhi moja mtoto mmoja darasani aliruka neno katika sura aliyokuwa akiisoma. Kabla sijafungua mdomo, sauti ilitoka katika dirisha la chumba cha mbele, ikalirudisha neno mahali pake, kila herufi ikitoka pale inapopaswa kutoka, kama mtu aliyefundishwa na mkali. Kisha dirisha likafungwa. Watoto walinitazama. Nikawaambia waendelee.

Jioni nilimwambia, "Yule mwanafunzi anakushukuru."

"Mwanafunzi gani? Mimi nilikuwa nimelala."

Niliacha. Nimefundisha miaka mingi, na najua kuna milango isiyotaka kugongwa mara mbili.

Sasa niseme habari ya Mugunga, kwa kuwa ndiyo iliyotufunga pamoja, na ndiyo iliyomvunja.

Mugunga ni upande wa magharibi, katika barabara ya Sake. Wakati ule palikuwa na mahema hadi macho yachoke, yamesimikwa juu ya mawe meusi ya volkeno, ya watu waliokimbia vita Masisi. Mimi nilikuwa nikienda huko kuzika. Waislamu waliofia kambini walikuwa wachache, lakini mtu akifa hahesabiwi na wengine, anazikwa yeye. Kwa kolera hatukuruhusiwa kuosha maiti wetu. Tulikabidhiwa wamekwisha kufungwa katika mfuko na kunyunyiziwa klore, ile dawa ya maji. Wakristo nao walikabidhiwa hivyo hivyo. Kwa hiyo kambi nzima ilijifunza harufu ya klore kaburini, na ilipoikuta ndani ya kikombe, moyo uliikataa. Nani angewalaumu? Hata mimi chai yenye harufu ile nilikuwa nainywa kwa kubana pumzi.

Maji yalitolewa katika vituo viwili. Kituo cha chini kilikuwa cha watu wa msaada. Kituo cha juu kilikuwa chini ya mheshimiwa mmoja wa mji wetu, aliyepewa kazi ya kukitafutia dawa, na picha yake ikitabasamu ilibandikwa kwenye tangi. Katika kila kituo, mama alijaza bidoni yake, yaani dumu la maji, kisha mfanyakazi akavuta klore kwa sindano na kuidondosha ndani. Unasubiri kidogo, unakunywa.

Mwandishi aliniomba nifuatane naye kwa sababu watu walinijua. Tulipofika tukaona ajabu: kituo cha chini, kilicho karibu na mahema mengi, kilikuwa na foleni fupi. Wanawake wanakipita na bidoni zao, wanapanda mlima wa mawe hadi kituo cha juu, ambako foleni ilizunguka tangi.

Alimsimamisha mmoja, Mama Riziki, mwenye mtoto mgongoni.

"Mama, mbona mnapita maji mnafuata maji?"

"Ile ya juu iko mutamu," akasema Mama Riziki. "Ya chini inanuka maiti. Batoto banakataa. Hata bugali inakuwa na ile harufu."

"Na kule juu hawatii dawa?"

"Banatia. Na sindano, tunaona na macho. Dawa yao njo iko muzuri. Mungu abariki yule mukubwa."

Mwandishi akavua miwani.

Tulikaa penye kituo cha juu siku nzima. Yeye hakuuliza kitu. Alikaa juu ya jiwe akimtazama mwanamke mwenye sindano. Aliitwa Mama Zawadi, mkimbizi kama wengine, kutoka kilima kimoja na Mama Riziki. Alifanya kazi vizuri: anavuta, anadondosha, anasema "ngoja kidogo mbele ya kunywa", anaita anayefuata. Hakutazama mtu usoni. Jua lilipoteremka alifunga sindano katika sanduku, akachukua bidoni yake mwenyewe, ya njano, akaanza kuteremka. Alilipita tangi la mheshimiwa, akapita mahema, akaenda kupanga foleni katika kituo cha chini, kwenye maji yanayonuka.

"Umeona, Mwalimu?"

"Nimeona mama anakwenda kuteka maji."

"Mpishi anakwenda kula kwa jirani," akasema Mwandishi. Hakuwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo. Alikaa pale, mikono magotini, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu mzee.

Yaliyobaki alichimba kidogo kidogo. Dawa ilifika kweli kwa mheshimiwa, katika mapipa, na mapipa hayo yaliishia katika maduka ya Birere, karibu na kwangu, na katika hoteli zenye mabwawa ya kuogelea. Sindano ya kituo cha juu ilikuwa inavuta maji matupu na kuyatia ndani ya maji. Watoto walikuwa wanakufa kwa maji ambayo mama zao waliyafuata kwa miguu, kwa mapenzi.

Habari hizi hazikukaa kimya. Mheshimiwa alikuwa ametupa mabati ya msikiti, na wazee wa kamati waliniita. Mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, mugeni wako anamutafuta nini mufadhili wetu?"

"Anatafuta maji," nikasema.

"Maji iko ku ziwa."

"Basi hatakosa."

Hawakucheka. Waliniomba nimtafutie nyumba nyingine. Niliwaambia mpangaji wangu hajanikosea, na kwamba mabati nayashukuru mvua inaponyesha, lakini sikuyaomba yanifundishe nani alale kwangu. Tangu siku ile walinipunguzia maneno. Alhamdulillahi, si hasara kubwa.

Mama Zawadi alikubali kusema. Tulikaa nyuma ya hema lake, watoto wake wakiwa wametumwa kuni. Alieleza yote: walivyomletea sindano na ndoo, walivyomwambia hii ni dawa mpya isiyo na harufu, na alivyoonja mwenyewe akajua. Alisema ukiacha kazi hii leo, kesho watoto hawali, na mwingine atashika sindano hiyo hiyo.

Kisha akasema jambo ambalo Mwandishi hakulitegemea. "Uandike jina yangu."

"Hapana, Mama Zawadi."

"Juu ya nini?"

Mwandishi alikuwa na kanuni yake: hataji jina la mtu asiye na mlango wa kufunga. Hema lina zipu tu. Nilikuja kujua kanuni hiyo ilitoka wapi. Katika nchi nyingine, wakati wa maradhi mengine, bawabu wa ghala alimpa habari, naye Mwandishi akamwandika kwa jina lake kwa kuwa mwenyewe alitaka, na aliporudi kumwona alikuta mkewe amevaa nguo za eda. Hiyo ndiyo siri yote ya chai yake iliyopoa. Hakuniambia akilia. Aliniambia akitafuta funguo za chumba.

"Mahema haina mulango, ni kweli," Mama Zawadi akasema. "Lakini jina niko nayo. Watu wa kilima yetu tunatembea pamoja. Penye wanaenda, niko naenda nabo. Kama jina haiko, waseme nini juu yangu?"

"Watasema uko hai," Mwandishi akajibu.

Kule gazetini mkubwa wake alimpigia simu, nami nilikuwa uani nikisikia upande mmoja wa mazungumzo. Mkubwa huyo alitaka jina na picha. Mwandishi alisema hapana, akasema hapana tena, kisha akatupa simu kitandani. Habari ilitoka hivyo, ikimtaja "mfanyakazi mmoja". Ilisomwa redioni hadi kwetu.

Sasa fikiri. Kituo kimoja, sindano moja, mama mmoja. Mheshimiwa hakuhitaji jina. Alifika Mugunga na wapiga picha, akasimama mbele ya tangi lake, akasema kwa huzuni kwamba amesalitiwa: dawa aliyoileta kwa mapenzi ya watu imeibwa na mfanyakazi huyo huyo. Mama Zawadi alifukuzwa pale pale. Mapipa mapya yalikuja, na maji ya juu yakaanza kunuka kama ya chini. Vifo vikapungua. Na watu? Niliwasikia kwa masikio yangu mwenyewe wakimlaani mwanamke wa Tanga aliyeharibu maji yao matamu. Mheshimiwa leo ana cheo kikubwa kuliko cha wakati ule.

Mwandishi aliondoka muda mfupi baadaye, akavuka mpaka kuingia Gisenyi kwa miguu na begi moja. Mke wangu alimfungia chapati. Mlangoni akaniambia, "Angalau Mama Zawadi yuko hai." Nikamwambia ndiyo.

Miaka ilipita. Vita vilifika mjini, kambi zikavunjwa, mahema yakaondolewa na mawe yakabaki. Wengine walirudi Masisi, wengine walitafuta vyumba vya mbao huku na huko. Kisha mwaka huu, asubuhi moja, nilikuta mtu amekaa kwenye ukuta wetu, nywele nyeupe, kiganja kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alikuwa ameacha gazeti. Mke wangu alimwuliza kama amejifunza kushona, akasema bado, vidole havitaki. Alikuja kwa jambo moja. Alitaka kumwona Mama Zawadi kwa macho yake, ajue kweli yuko hai. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wa kilima kile walihamia Kanyaruchinya, chini ya Nyiragongo. Tulipanda pikipiki mbili.

Tulimkuta penye robine, bomba la maji la mtaa. Wanawake walikuwa wamepanga bidoni zao mstari mmoja, na yeye alikuwa amekaa mbali kidogo, juu ya jiwe, bidoni yake kando, nje ya mstari. Hakupanga. Mwendesha pikipiki wangu, kijana wa pale, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yule huteka wengine wakimaliza. "Aliuzaka dawa ya Mugunga. Batoto wakakufa," alisema, kama mtu anayetaja kazi ya mtu.

Mwandishi alisikia. Alikwenda akachuchumaa mbele yake.

"Uko hai," Mwandishi akasema.

"Niko hai. Unaona vile niko."

"Nitaandika. Najua watu bado. Nitaandika jina lako lote, na jina la yule mheshimiwa."

"Sisi hatusomi gazeti, mama. Na ile gazeti haiteki mayi hapa." Hakusema kwa hasira. "Kama uko na maneno, sema hapa. Mbele ya hawa."

Nimemsikia Mwandishi akibishana na wakubwa kwenye simu bila sauti yake kutetemeka. Siku ile ilitetemeka. Alisimama, akawaambia wanawake wale yeye ni nani. Aliwaambia dawa iliuzwa na mheshimiwa, na mapipa yalikwenda katika maduka na hoteli. Aliwaambia Mama Zawadi hakuiba hata tone, na kwamba kila alichokiandika alikipata kwa mama huyu, ambaye aliomba jina lake liandikwe, na yeye Mwandishi ndiye aliyelificha.

Robine iliendelea kutiririka. Mwanamke mmoja akaja mbele. Nilimtambua, ijapokuwa amekonda: Mama Riziki. Mgongoni hakuwa na mtoto; yule wa Mugunga hakuwahi kukua.

"Kumbe ulijua," akasema. Hakumwambia Mwandishi, alimwambia Mama Zawadi. "Ulijua ile mayi iko bure, haina dawa. Ukamwambia mugeni. Sisi jirani yako, ulituambia wakati gani?"

Nilimwona Mwandishi akifumba macho. Alikuwa amekuja kumwondolea mama yule mzigo, na sasa alikuwa amemtwisha mwingine mzito zaidi.

Mama Zawadi hakuinuka. "Nilikuambiaka," akasema taratibu. "Ulikuja na mutoto mugongoni. Nikakuambia, Mama Riziki, huyu mutoto umupelekee mayi ya chini. Mara ya pili nikakuambia tena. Ulinijibu nini?"

Mama Riziki alishika ncha za kitenge chake.

"Ulinijibu nini, dada yangu?"

"Nilisema inanuka maiti," Mama Riziki akasema.

Kisha Mama Riziki akarudi kwenye mstari. Bidoni yake ilikuwa ya kwanza, tayari chini ya robine, nusu imejaa. Aliiondoa, akaiweka nyuma. Akaenda penye jiwe, akaichukua bidoni ya Mama Zawadi, akaiweka mahali pa yake. Wengine walitazama, na mmoja akasogeza ya kwake kidogo ili nafasi itoshe.

Tulisubiri mpaka ikajaa. Mama Zawadi alipoinama kuibeba, Mwandishi alimwahi. Hakuuliza. Aliishika kwa mkono mmoja, akashindwa, akaishika kwa miwili, akapanda nayo njia ya mawe meusi kuelekea kwenye nyumba ya mbao, maji yakimwagikia viatu vyake, akisimama kila mahali kuvuta pumzi. Mama Zawadi alitembea mbele akimwonyesha njia, bila kugeuka.

Mimi nilifuata nyuma yao.